Figo Ndogo za Tiresa

Ti, ti, ti. Mashine iliyomsafisha Tiresa damu kupitia tumboni usiku kucha ilimaliza kazi kabla ya mapambazuko. Bibi yake, Losa, alikuwa macho tayari. Akanawa mikono hadi viwikoni, akavaa barakoa, akamfungua mjukuu wake mrija taratibu.

"Bibi, leo unakwenda kuziona figo zangu?" Tiresa aliuliza bila kufumbua macho.

"Nakwenda kuwaambia waache kuziotesha."

"Sasa mbona umekaanga maandazi ya panikeke ya kuwapelekea?"

"Siwezi kwenda kugombana na watu mikono mitupu. Lala, mdomo kama kasuku!"

Miaka miwili nyuma, dawa kali ilimponya Tiresa uvimbe wa mfupa, lakini ikamjeruhi figo. Mtafiti mmoja wa Melbourne, Daktari Despina Karras, akaomba damu yake kidogo. Alisema ataitumia kuotesha figo ndogo kama punje za ufuta, azijeruhi kwa dawa ileile, kisha atafute njia ya kuzisaidia zijitengeneze. Losa akaweka sahihi. Wiki iliyopita ndipo alipopata habari kutoka kwa binamu yake, anayefanya usafi kwenye maabara ya daktari huyo, kwamba figo hizo zikishapimwa hutiwa kwenye mfuko wa taka.

Usiku ule Losa hakulala. Kitovu cha Tiresa alikizika mwenyewe chini ya mlimau nyuma ya nyumba yao ya Werribee, pembezoni mwa Melbourne, kama mama yake alivyozika vya watoto wote kule Samoa. Kitu kilichotoka mwilini mwa mtoto hakitupwi.

Jumamosi hiyo maabara ilikuwa kimya. Despina alimtazama Losa anavyoburuta mguu, akamsogezea kiti kabla hajaombwa. Losa aliliona hilo, akaliweka moyoni.

"Leo siku ya mapumziko. Mbona uko kazini?" akauliza.

"Zinakula, Mama Losa. Nisipozibadilishia maji ya chakula, zinakufa."

"Hata Krismasi?"

"Krismasi nilikuja na mama. Alikaa garini ameninunia, nyama ya kondoo inaungua nyumbani. Mpaka leo ananisimanga."

Losa akajizuia kucheka. Despina akamwonyesha kwenye kioo cha hadubini: vijimirija vingi vimejikunja, vingine vinang'aa, vingine vimefifia na kukatikakatika.

"Hivyo vilivyofifia ndivyo vilivyojeruhiwa. Jana nimevitia dawa tunayoijaribu. Lakini nisikudanganye, hata ikifanya kazi hapa, si tiba ya Tiresa kesho wala mwakani."

"Na ukimaliza unazitupa."

Despina akaweka chini kisahani alichokishika.

"Zinachomwa. Imeandikwa ukurasa wa kumi na moja wa fomu. Nilijua hutafika huko, na sikukwambia kwa mdomo wangu. Niwie radhi."

"Nipe majivu yake, basi."

"Yanachanganyika na mengine, Mama. Siwezi."

Losa angeweza kufuta sahihi, na kila kitu kingeishia hapo. Akaitazama mikono ya yule binti, imechubuka kwa kunawa kama yake mwenyewe. Huyu aliacha nyama iungue ili aje kulisha vitu vya mtoto wa watu.

"Sahihi yangu ibaki," akasema mwishowe. "Lakini siku ya kuzitoa, unanipigia simu. Nitasali, wewe umeshika simu, ndipo uzitoe. Usizitupe kama maganda ya viazi. Ni za mtu."

"Kila mara?"

"Kila mara."

"Naanza kazi saa kumi na mbili asubuhi, Mama Losa."

"Saa hiyo mimi nimeshafua!"

Despina akacheka, akajifuta macho kwa mkono wa koti. Wakatoka hadi ukumbini, maana ndani ya maabara hakuliwi, wakala panikeke wamesimama. Despina alikula nne. Losa alipoanza kukunja kitambaa alichobebea panikeke, binti yule akamshika kiwiko.

"Mwezi uliopita figo tatu kati ya kumi zilianza kujiunga upya. Za safari hii nitajua Alhamisi, na sitaki kuziangalia peke yangu. Mama Losa, njoo tena."