Kundi la Pili

Pudensiana aliposhuka kwenye bodaboda pale Majimoto, mashine ya kukoboa mpunga ilikuwa kimya, magunia ya wakulima yamejazana hadi barabarani. Silvesta, meneja, alikuwa mlangoni amefura.

"Fundi, rilei yako mbovu! Kila tukiwasha, inakata."

Rilei hiyo aliifunga Pudensiana mwenyewe. Kazi yake ni kulinganisha umeme unaoingia kwenye transfoma na unaotoka, kama mchungaji anavyohesabu ng'ombe wakitoka zizini na wakirudi. Hesabu isipokubali, inakata umeme kabla transfoma haijaungua. Aliipa makundi mawili ya mipangilio: la kwanza la jenereta, jepesi kushtuka, la pili la umeme wa gridi ya taifa, linalovumilia ule mkurupuko wa umeme transfoma inapowashwa. Gridi ilipofika, yeye akiwa kazini Inyonga, alimpigia Silvesta simu: toa kundi la kwanza, weka la pili.

"Kwani hukubadilisha kundi?"

"Nilibadilisha siku ileile! Kundi la kwanza lote nikalifukuza."

Pudensiana alidhani hajasikia vizuri. "Ukalifukuza?"

"Si la akina Didace, wale Warundi? Nikawaambia fundi amewakataa. Walivyoondoka bado ikakata, nikajua wametuharibia kitu humo ndani. Sokoni kote nimetangaza, watu wawe macho na wageni."

Pudensiana alilielekea kabati la rilei kwa hasira. Ni kweli, wafanyakazi wa pale walikuwa zamu mbili, na zamu waliziita kundi la kwanza na la pili. Lakini mtu mzima, mwenye akili zake timamu, aambiwe umeme ukija fukuza watu, na asiulize kwa nini! Shemeji yake Silvesta yuko kundi la pili. Angeambiwa alitoe hilo, angepiga simu mpaka chaji iishe. Didace amezaliwa hapahapa nchini, Mishamo, Mtanzania kama Silvesta, na mashine ile ameiendesha tangu inafungwa. Na jina lililotumika kumfukuzia ni la Pudensiana!

Alifungua kabati. Kioo cha rilei kilionyesha kundi la kwanza, halijaguswa. Akabonyeza, akaweka la pili, akawasha. Transfoma ikavuma, mashine ikanguruma, wakulima wakashangilia.

Silvesta akacheka. "Kumbe kitu kidogo hivyo!"

"Kidogo?" Pudensiana alizima. Kelele zote zikakatika. "Haiwaki mpaka Didace awe hapa."

"Fundi, watu wanangoja!"

"Waambie wanamngoja nani. Si unajua kutangaza?"

Pikipiki ikatumwa. Didace alifika na nguo za shamba, matope magotini, akasimama nje ya mlango kama mtu asiyejua kama anaruhusiwa kuingia. Silvesta alimpokea kwa mikono miwili.

"Ndugu yangu, tulielewana vibaya tu. Kumbe lilikuwa kundi la umeme! Kesho njoo na wenzako, yaishe."

Didace hakuishika mikono ile.

"Kundi umelisikia kwenye simu, bosi, sawa. Na wageni waharibifu? Hilo ulilisikia kwa nani?"

Wakulima walisogea karibu. Silvesta alimgeukia Pudensiana, kana kwamba na hilo nalo alilitamka yeye.

Pudensiana, aliyekuwa tayari kuwasha, aliondoa mkono wake kwenye swichi.

"Mjibu," alisema. "Na sauti iwe ileile ya sokoni."