Damu ya Dada Isitikiswe

Chembe nyeupe za damu ya dada yangu zilikuwa ndani ya chombo cha kioo chenye umbo la faneli, zikishuka taratibu kwenye maji mazito. Chembe kubwa hutangulia chini, ndogo hubaki juu. Zikishatengana, tunachungulia ndani yake vile vifuko vinavyomeng'enya taka, lisosomu. Vya dada vikiwa vimevimba, daktari atajua ni ugonjwa gani unaommaliza. Hakuwa na damu ya kutolewa tena.

Sharti la maabara lilikuwa moja: kwa muda wa saa tatu, meza isitikiswe.

"Kaa," alisema msimamizi wetu, tuliyemwita Mizani. "Unazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia."

"Nasali, mama."

"Sali umekaa. Mungu hasikii kwa miguu."

Nilikaa. Nikasimama. Nikaenda dirishani, nikarudi. Mizani alipotoka kufuata mirija, nilipiga magoti kando ya meza. Wakati wa kuinuka nikashika ukingo wake nijivute, kama nilivyozoea kushika benchi la kanisani.

Kioo kikalia. Ule ukungu mwembamba wa juu, wa chembe ndogo, ukayumba.

Hakuna aliyeona. Labda si kitu, nilijiambia. Lakini nilikuwa nimetoka kumwomba Mungu auonyeshe ukweli wa ugonjwa. Ningeufichaje wa meza?

Mizani aliporudi nilimwambia hata kabla hajatua mirija. Akasonya. Akainama, akakitazama kioo mpaka mgongo ukaniuma mimi.

"Zimebaki dakika ngapi?"

"Ishirini."

"Basi kubwa zimeshafika chini. Zilizovurugika ni ndogo za juu, hizo tutazimwaga. Ungenyamaza, ningezisoma zote kama safi, nimwandikie dada yako uongo." Akanisukumia kigoda. "Sasa ikalie hiyo mikono."

Nikaikalia.

Muda ulipotimia tulifungua bomba la chini, tone kwa tone. Tukazitia rangi zile kubwa. Mizani alitazama kwenye darubini, akanipisha. Vifuko vilikuwa vimevimba, vimebanana kama kunde kwenye ganda.

Nilimpigia dada.

"Umeonekana," nilisema. "Ugonjwa wako umeonekana."

Akavuta pumzi. "Unatibika?"

"Daktari atakwambia kesho asubuhi."

"Sawa. Na wewe, mdogo wangu, umekaa?"

Nilikuwa nimeshafika mlangoni.