Mkasi Kwenye Mkoba wa Mama Leti

Saa mbili asubuhi Hyasinta alikuwa ameshapinda sketi sita za shule, lakini binti yake Leticia alikuwa bado kwenye kifungo kilekile. Anapitisha uzi, anakaza, anapitisha tena, mpaka kifungo cha shati kikawa hakionekani kwa wingi wa uzi.

"Leti, kinatosha hicho. Chukua kingine."

"Wanasema bado."

Hyasinta aliacha kukanyaga cherehani. Mbele ya baraza Kariakoo ilikuwa imeshachangamka, wabeba mizigo wakipiga miluzi wapishwe njia, spika ya duka la jirani ikirudia bei za viatu. Hakuuliza ni akina nani wanaosema. Alijua. Kwa miezi minane sauti zile za kichwani mwa Leticia zilikuwa zimenyamaza, kwa sababu ya sindano ya kila mwezi. Halafu walikwenda kliniki wakaambiwa dawa haijafika. Wakarudi wiki iliyofuata, vilevile. Leo sindano ilikuwa imechelewa siku kumi na tisa.

Kwa mkono wa kushoto aliuvuta mkasi mezani taratibu, akautumbukiza kwenye mkoba wake.

"Mama, mkasi uko wapi?"

"Sijui, mwanangu. Utakuwa umeanguka."

Leticia alimtazama. Ana miaka ishirini na mitatu, na macho yake yakitulia juu ya mtu hayaondoki haraka. "Hujauficha?"

"Niufiche ya nini? Si nakuamini?"

Leticia akakata uzi kwa meno.

Amna, mwenye duka la vitambaa aliyewapa nafasi ya kushonea barazani kwake, alichungulia mlangoni. "Mama Leti, mpeleke tu. Mwenye sare akija nitamwambia cherehani imekata mkanda."

"Utadanganya watu asubuhi yote hii?"

"Mwenyezi Mungu ananijua mimi. Nendeni."

Kwenye kliniki walikaa kwenye benchi tangu saa tatu mpaka saa sita. Hyasinta alisali rozari mbili, akihesabu kwa vidole ndani ya mfuko. Jina la Leticia lilipoitwa, hawakupelekwa chumba cha sindano. Walipelekwa kwa mshauri mpya, kijana aliyenyoosha shati lake vizuri, aliyejitambulisha kuwa anaitwa Tarsis.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Dawa imekuja?"

"Tutafika huko. Kwanza tujaze hii fomu mpya, inatafuta chanzo cha ugonjwa. Wapo wataalamu wanaoamini kwamba unaanzia kwenye malezi. Kwa hiyo nieleze yote, bila kuficha kitu. Ni siri yetu."

Bila kuficha kitu. Maneno hayo Hyasinta aliyazoea mahali pamoja tu, kwenye kitubio. Basi akafanya kama afanyavyo huko. Akashusha macho, akaunganisha viganja, akaanza tangu mwanzo. Alisema kwamba alipomwachisha Leticia ziwa alimpeleka Masasi kwa bibi yake, akae huko mpaka umri wa shule, kama yeye mwenyewe alivyopelekwa, kama wafanyavyo kwao kwa mtoto wa kwanza. Alisema aliwahi kumpiga kofi mbele ya wenzake. Alisema sauti zilipoanza, kabla hajajua kuwa ni ugonjwa, alimwita mvivu na mwigizaji, na siku moja ya mvua alimfungia nje ya chumba chao Buguruni mpaka majirani wakamwombea msamaha.

Tarsis aliandika bila kuinua kalamu. "Na huwa unasema hivi kwa mdomo, halafu mkono unafanya vingine? Mtoto anabaki hajui ashike lipi?"

Mkoba ulikuwa mapajani. Hyasinta aliuhisi mkasi kupitia kitambaa.

"Nafanya," alisema polepole.

Akasubiri. Ukimaliza kutubu, padre anakupa malipizi, anakuondolea dhambi, unatoka mwepesi. Tarsis alimsogezea karatasi. "Saini hapa, mama."

Hyasinta alijifunza kusoma ukubwani, kwenye madarasa ya jioni, na bado anasoma kwa kufuatisha kidole. *Chanzo: kutelekezwa utotoni; mama mkali. Dalili kurudi: mazingira ya nyumbani.*

"Nani kamtelekeza?"

"Si umesema ulimpeleka kwa bibi?"

"Kwa mama yangu mzazi! Alikuwa analala mgongoni kwake!"

Leticia akacheka ghafla. "Nitelekezwe wapi? Masasi nilikuwa nakula korosho mpaka naharisha."

"Mama, mimi sikuhukumu," Tarsis alisema.

"Umeshanihukumu, tena kwa wino. Dawa je?"

Kijana alitazama mlango. "Hakuna. Naweza kuwaandikia barua ya hospitali kubwa, wanapokea wagonjwa wapya Alhamisi. Ila barua haitoki bila fomu."

"Basi andika na hilo. Tumekuja mara tatu, dawa hakuna."

"Fomu haina nafasi ya hilo."

"Ina nafasi ya mama tu?"

Tarsis aliweka kalamu chini, akajifuta uso. "Mama, nimesoma miaka mitatu nije nisaidie watu. Nimefika hapa nimekuta kabati tupu na bunda la fomu."

Hyasinta aliichukua kalamu ile. Pembeni ya karatasi aliandika, herufi moja moja kama alivyofundishwa: *Niliyoyasema ni kweli, nilimkosea, Mungu anisamehe. Lakini miezi minane ya sindano alikuwa mzima, na mama yake nilikuwa mimi huyuhuyu.*

Tarsis alisoma mara mbili. "Hii imeharibika," alisema kwa upole. "Wataikataa." Akatoa fomu nyingine, akanakili majibu yaleyale, kutelekezwa na yote, akaisogeza.

Hyasinta alimtazama Leticia, ambaye midomo yake ilikuwa imeanza kusogea bila sauti. Akasaini. Sindano ilikuwa upande wa pili wa saini ile. Fomu iliyoharibika aliikunja nne, akaitia mkobani pamoja na barua.

Nje ya geti Leticia alisimama, akainua mkono. Uzi wa asubuhi, aliokuwa amejizungushia, ulikuwa umemkaza kidole mpaka kimevimba. "Mama, nataka mkasi."

Hyasinta alivuta pumzi. "Uko kwangu. Niliuficha. Niliogopa."

"Najua. Walishaniambia." Akainamisha kichwa kama anayesikiliza. "Wanasema leo usinipe."

"Wewe unasemaje?"

"Mimi nataka kukata uzi."

Hyasinta alifungua mkoba, akatanguliza mpini. Safari hii mkono ulifanya kile mdomo ulichosema. Leticia akakata uzi, akaurudisha mkasi, naye akatanguliza mpini.

"Alhamisi bado siku ngapi?"

"Sita."

Leticia akaanza kuzihesabu kwa vidole. Kila alipofika ya tatu alinyamaza, akasikiliza, akaanza upya.