Mama Mmoja wa Askari Arobaini na Wawili

Jumanne hiyo Sajini alifika kwenye ofisi ya kumbukumbu za jeshi saa moja na nusu asubuhi, akakuta watu kumi na mmoja wamemtangulia. Alikuwa amevaa koti lake la sherehe na viatu alivyovipiga rangi mwenyewe. Kwapani alibana bahasha ya kaki yenye fomu ya kurekebisha taarifa binafsi, nakala tatu, na picha mbili ndogo. Pembeni yake alisimama mama mmoja mfupi, aliyefariki miaka ishirini na sita iliyopita, ameshika kopo kubwa la biskuti. Mlinzi aliwaandika wote wawili kwenye daftari la wageni, akamwomba yule mama asiweke kopo lake kwenye benchi, maana watu wanataka kukaa.

Hiyo ilikuwa safari ya tano. Mwaka uliopita, Sajini alipoanza kukohoa damu, hospitali ilimtaka alete nakala ya faili lake la utumishi, naye akalisoma kwa mara ya kwanza maishani. Tarehe ya kuzaliwa ilikuwa sawa. Urefu walikuwa wamemwongezea inchi mbili, hilo hakulijali. Lakini kwenye mstari wa mama mzazi paliandikwa jina la mwanamke asiyemjua, na anwani ya nyumba ambayo hajawahi kuikanyaga.

Jioni ya siku ile ile walifika wanawake wawili nyumbani kwake. Wa kwanza, ndiye huyu mama wa kopo la biskuti, alipiga hodi, akaingia, akakaa kwenye kiti cha karibu na jiko na kuanza kuyalalamikia magoti yake. Alijieleza bila kuzunguka. Enzi za uhai wake alikuwa mfagizi wa ofisi ya kuandikisha askari. Siku aliyoandikishwa Sajini vijana walikuwa wengi na saa za kazi zilikuwa zinakwisha. Karani akaona kumwuliza kila mmoja jina la mama yake ni kujichelewesha, akaandika jina la mama aliyekuwa karibu, naye alikuwa pale mlangoni na ufagio, anasubiri wamalize afagie. Aliandikwa mara arobaini na mbili, kisha karani akafunga daftari akaenda zake.

"Mimi nilizaa mmoja tu, tena wa kike," alisema mfagizi. "Hao wengine nimepewa na serikali."

Wa pili aliishia getini. Sajini alimtambua angali mbali, kwa ule mwendo wa kuvuta mguu wa kushoto. Alikuwa mama yake. Binti wa Sajini, fundi cherehani aliyeishi na baba yake, alitoka akamshika bibi yake mkono kumkaribisha ndani. Geti lilikuwa wazi, lakini kila bibi alipoinua mguu avuke, mguu ulirudi nyuma wenyewe. Hakuna karatasi iliyosema kwamba ana mtu ndani ya nyumba ile. Sajini akamwamkia shikamoo. Aliitika vizuri, akauliza kama amemwona kijana wake. Kijana huyo alikwenda vitani na shati la bluu lililokatika kifungo cha pili. Kifungo chenyewe alikuwa nacho kiganjani.

"Ni mimi, mama," alisema Sajini.

"Asante, baba," akajibu kwa upole. "Lakini wangu ni mwembamba."

"Usimlaumu," mfagizi alisema kutoka jikoni. "Huko kwetu tunakwenda na kilichoandikwa."

Tangu hapo walikuja kila siku, saa kumi na mbili na robo, mmoja ndani na mmoja nje. Binti alizoea kumpelekea bibi yake kigoda getini.

Kilichomuuma Sajini zaidi kilikuwa ndani ya kopo la biskuti. Wakati wa vita askari hawakuruhusiwa kuandika anwani juu ya bahasha. Waliandika namba zao za jeshi tu, na ofisi ikatazama faili na kuipeleka barua kwa mama aliyeandikwa humo. Kwa miaka minne Sajini alimwandikia mama yake kila mwezi na hakupata jibu hata moja. Alimkasirikia. Kuna usiku, handakini, alimchukia kabisa. Aliporudi, majirani walimwonyesha kaburi, wakamweleza jinsi marehemu alivyokuwa akienda stendi kila Ijumaa kutazama wanaoshuka kwenye mabasi. Sajini alisimama pale kaburini na kinyongo chake, akaondoka nacho.

Barua zote zilikuwa zimefika kwa mfagizi, zake na za wenzake. Mfagizi hakujua kusoma, na kutupa barua ya mtoto wa mtu aliona haya. Alizirudisha ofisini mara mbili, akaambiwa faili halikosei, basi akazitunza kwenye kopo bila kuzifungua. Alipokea pia taarifa za vifo, thelathini na moja. Ya kwanza alisomewa na mtu wa posta, zilizofuata alizitambua kwa mhuri. Alilia kwa kila moja, kwa kuwa hakuna mwingine aliyeambiwa.

Karani wa dirisha namba nne alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alimjua Sajini kwa sura.

"Mara ya mwisho tulikwambia umlete mama aliyeandikwa kwenye faili, athibitishe."

"Nimemleta."

Karani alimtazama mfagizi, akalitazama faili. "Huyu ni marehemu."

"Ndiyo."

"Ana kitambulisho?"

Mfagizi akakitoa kifuani. Karani akakigeuza huku na huku. "Hiki kimeisha muda wake, mama."

"Hata mimi," alisema mfagizi.

Karani hakucheka. Alimpa kidau cha wino, mfagizi akaweka dole gumba na kutamka kwa sauti kwamba huyu mzee si mwanawe, hakumzaa wala hakumlea. Karani akasoma mwongozo wake ukurasa baada ya ukurasa, kisha akaenda kumwita mkuu wa ofisi. Marehemu anaweza kuthibitisha, alieleza, ila kukana hakumo kwenye mwongozo.

Mkuu wa ofisi alikuwa mtu muungwana. Aliwaingiza chumbani kwake, akawapa viti, akafunga mlango.

"Mzee, mimi nakuamini," alisema. "Tena nilishaamini tangu barua yako ya kwanza. Lakini nikirekebisha lako, wenzako arobaini na mmoja nao nitawaachaje? Thelathini na mmoja walikufa vitani. Itabidi niwaandikie mama zao kwamba watoto walikufa. Na hao mama wenyewe wameshakufa wakisubiri. Nitawaandikia nini?"

"Hivyo hivyo," alisema Sajini.

Mkuu wa ofisi alilengwalengwa na machozi, na yalikuwa machozi ya kweli. Kisha akavuta droo, akatoa mhuri na kugonga nakala zote tatu: KUMBUKUMBU NI SAHIHI. Moja akampa Sajini aende nayo.

Njiani mfagizi alitembea nyuma kidogo. "Nisamehe, mwanangu," alisema.

"Wewe hukuandika kitu," alisema Sajini.

Jioni ile Sajini alikibeba kiti cha karibu na jiko akakipeleka getini. Binti alitaka kumsaidia, akamkatalia, ingawa ilibidi apumzike mara mbili uani. Alikiweka upande wa ndani. Upande wa nje mama yake alikuwa ameshaketi kwenye kigoda, kifungo kiganjani. Mfagizi akajikunja chini karibu na kiti, akafungua kopo.

"Nina barua hapa," Sajini alisema. "Naomba nikusomee."

"Soma tu, baba. Basi bado halijafika."

Bahasha ilikuwa haijafunguliwa kwa miaka arobaini na mitatu. Aliichana taratibu, akavaa miwani. Mama mpendwa, nimefika salama. Usihangaike kuhusu chakula, tunashiba. Kile kifungo sijakishona. Kuna fundi hapa kambini lakini nimemwambia aache, nitakuja ushone mwenyewe. Mguu wako unaendeleaje? Nijibu upesi. Katikati kikohozi kilimshika, na binti akaleta maji. Akaendelea mpaka mwisho, mpaka kwenye jina lake.

Mama yake alikuwa amesikiliza kwa makini, kichwa kimeinama upande, kama alivyozoea alipokuwa hai.

"Ana adabu huyo kijana," alisema. "Mama yake ana bahati. Wangu hakuwahi kuniandikia hata mstari mmoja."

Sajini alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa tena. Akateremsha mkono kando ya kiti, na mfagizi akampa barua ya pili.