Mguu wa Tambwe na Pedali Iliyozama

Tambwe alikuwa akiendesha kamionete, gari dogo la mizigo la Mama Kulthumu, tangu marehemu mume wa mama huyo alipokuwa hai. Gari lilikuwa limechakaa, mlango mmoja ukifungwa kwa kamba, lakini lilipanda na kushuka barabara ya Nyangezi na magunia ya maharagwe bila kumwaibisha mtu.

Kisha gia zikaanza kusaga. Akikanyaga klachi, zilipiga kelele hata wachuuzi wakageuza shingo. Siku moja alisimama kumpisha mwanamke mwenye kikapu cha mkaa. Gia ilikuwa imeingia na pedali imekanyagwa, lakini gari likajiendea lenyewe. Alibana freni kwa nguvu zake zote. Mwanamke yule hakuguswa, ila mkaa ulimwagika wote barabarani, na Tambwe akashuka kuuokota.

Hakumweleza mtu alichokiogopa. Mguu wake wa kushoto uliwahi kupondwa na jiwe, zamani za kazi ya barabara, na siku hizi kukipambazuka kwa baridi ulikuwa mzito kama si wake. "Si gari," alijiambia. "Ni mimi."

Habari za mkaa zilipofika nyumbani, Atumani, mdogo wake Kulthumu, alilichukua gari kulijaribu, akalizungusha hadi Nguba na kurudi. Gia ziliingia laini kama kisu ndani ya ndizi mbivu.

"Dada, gari halina neno," alisema. Aliutazama mguu wa Tambwe, kisha akatazama pembeni.

Kesho yake Kulthumu alimkaribisha Tambwe barazani, akamwekea chai.

"Papa Tambwe, wewe ni mtu wa nyumba hii. Lakini nimeogopa. Je, yule mama angekufa? Pumzika. Hutakosa chakula hapa kwangu."

Tambwe hakugusa chai. "Mama, niache tu nipeleke gari kwa Adalbert. Akisema ni muguu yangu, nitaleta ufunguo mimi mwenyewe."

Atumani alikwenda naye. Adalbert alikuwa fundi wa Kadutu, mtu wa maneno machache. Alifungua kikopo cha mafuta ya klachi: kimejaa. Alipapasa bomba la juu karibu na pedali, linalosukuma mafuta, kisha la chini karibu na injini, linaloyapokea, akitafuta unyevu. Pakavu kabisa. Akatoa hewa kwenye mrija wa mafuta, Tambwe akikanyaga na kuachia. Hakikutoka hata kiputo kimoja cha hewa.

"Kanyaga, Atumani," akasema, akalala chini ya gari.

Atumani alikanyaga kwa kishindo cha ujana wake. Chuma cha kusukuma klachi kikaruka mbele.

"Iko muzuri," Adalbert akasema. "Sasa weye, Papa Tambwe. Kanyaga vile unakanyagaka kila siku. Usiondoe muguu."

Tambwe aliishusha pedali polepole, kwa kuuhurumia mguu, akaishikilia. Kule chini Adalbert akauliza:

"Umeachia?"

"Hapana! Bado nakanyaga!"

"Usitoe!" Adalbert alicheka, mara ya kwanza siku ile. "Atumani, njoo uone."

Atumani akajikunja chini ya gari. Chuma kilikuwa kimetoka, na sasa, mguu wa Tambwe ukiwa bado juu ya pedali, kilikuwa kinarudi chenyewe, taratibu.

Adalbert alifungua bomba la juu, akatoa mpira mdogo wa ndani uliokuwa mgumu na umelika ukingoni. "Mafuta haivuje inje. Inarudi nyuma humu ndani. Ukikanyaga mbio, mpira inashika. Ukikanyaga polepole, mafuta inapita."

"Basi mimi ndiye niliyekusingizia," Atumani akasema. Alisimama na vumbi lake mgongoni, hajui aweke wapi mikono. "Unisamehe, Papa."

"Weye ulikanyaga vile unakanyagaka," Tambwe alimjibu. "Nani angejua?"

Mpira mpya ulipowekwa, Tambwe aliendesha mwenyewe kurudi nyumbani Ibanda, gia zikiitika. Kulthumu alitoka mbio, na Atumani akamweleza yote kabla hata injini haijazimwa. Mama alishika kichwa, akacheka, akalia.

Tambwe alingoja atulie. Angeweza kunyamaza, gari likabeba lawama yote.

"Mama, mpira ilikufa, ni kweli. Lakini muguu nayo inachoka. Nyangezi nitaenda. Safari ya Uvira, ile milima, umupe Atumani."

Kulthumu akaketi kwenye ngazi na kumwonyesha nafasi kando yake.

"Umfundishe wewe basi," akasema. "Huyu anakanyaga kama anaua nyoka."