Pazia Lililovishwa Ngozi

Dada yangu akiingia nyumbani kwa watu hasalimii wenyeji kwanza, anasalimia viti. Anainama, anachungulia miguu, anapapasa mbao kama daktari anayetafuta mapigo ya moyo, kisha ndipo anakumbuka kwamba kuna watu wamesimama wanamsubiri anyooke. Mimi ninamwita Makumbusho, na jina hilo limemkaa kuliko lile alilopewa na wazazi.

Ukiingia sebuleni kwake utadhani babu yako ametoka tu kununua kiberiti na atarudi sasa hivi. Kuna kabati refu la chini lenye milango ya kusukuma pembeni. Kuna saa ya ukutani yenye miale, kama jua lililochorwa na mtoto wa chekechea. Kuna redio ya mbao isiyotoa hata mkoromo tangu inunuliwe. Na vitambaa, jamani! Vya maduara, vya majani, vya maumbo yanayofanana na figo, rangi ya haradali na chungwa na kijani iliyoiva. Wenzake wakienda sokoni wanarudi na viatu. Yeye anarudi na pazia lililokuwa limefungiwa mzigo wa mtu, na uso umemng'aa kama aliyejifungua salama.

"Wewe cheka tu," huniambia. "Tazama jani hili. Aliyelichora aliamka na furaha."

"Au alilala njaa, akawaza mboga."

Sasa, mwezi ule alipata kiti. Kiti cha chini, mikono ya mbao iliyopinda vizuri, miguu myembamba iliyotanuka kama ya ndama anayejifunza kusimama. Kilikuwa kimebaki mbao na springi tu, kinahitaji kuvishwa, na kwa akili ya Makumbusho kulikuwa na nguo moja tu duniani ya kukivisha: pazia la Mama Mkubwa.

Mama Mkubwa ni dada wa mama yetu, na ndiye aliyetulea. Pazia lile alilinunua akiwa bibi harusi, alipopata nyumba yake ya kwanza. Rangi ya haradali, majani ya kahawia yamesimama wima, na kila jani lina duara jekundu pembeni. Tulikua tukijificha nyuma yake, miguu ikionekana, yeye akijifanya hatuoni. Baadaye yalikuja madirisha mapana, likakunjwa likawekwa sandukuni na kipande cha sabuni. Lilikuwa la vipande viwili. Kimoja kililiwa na panya. Dada aliomba hicho kilichobaki miaka na miaka. Siku Mama Mkubwa alipokubali, alikitoa huku ameshikilia upande mmoja.

"Sikupi kitambaa, mwanangu. Nakupa ujana wangu. Usiuharibu."

"Jumapili utakuja ukikalie kiti chako, Mama."

"Nitakuja," alisema, na bado hakuachia. Ilibidi nimtekenye.

Tukapeleka kiti na pazia kwa fundi sofa, mtu mkubwa mwenye sauti ndogo, ambaye karakana yake imebanana na saluni ya kusuka. Dada alimweleza historia ya kiti. Alimweleza historia ya mbao. Alimweleza historia ya rangi ya haradali. Fundi aliitikia kwa kichwa mpaka nikamwonea huruma shingo. Mwisho Dada akamwambia, "Kitambaa hiki ukivute kikae sawa, na usikikate ovyo, nakuomba sana." Kila kitu alisema, isipokuwa jambo moja, maana hakufikiri kama kuna binadamu asiyelijua.

Ijumaa tukaenda kukichukua.

Kiti kilikuwa katikati ya karakana, kimefunikwa shuka, na Fundi anatabasamu kama anayetaka kutuonyesha mtoto mchanga. Akavuta shuka.

Ngozi ya bandia. Rangi ya damu ya mzee. Inang'aa hata nikajiona meno. Na vifungo vya dhahabu mgongoni.

Dada alilitafuta pazia kwa macho, mgongoni mwa kiti na chini yake.

"Mmenyamaza," Fundi akasema. "Najua. Hamkutegemea. Ngozi nimeitoa mimi mwenyewe, zawadi. Nilimwona dada yetu anavyokipenda kiti, halafu kaniletea kitambaa cha ndani tu, cha nje hana. Nikasema hapana, huyu simwachi hivyo."

"Kitambaa cha ndani," Dada akarudia polepole.

"Kile chakavu. Si huwa tunaweka kitambaa cha zamani juu ya sponji, halafu ndiyo kinakuja cha nje? Nimekiweka. Kimekaa safi sana."

"Fundi," nikasema, "kile ndicho cha nje."

Akanitazama mimi, akamtazama dada, akatazama kiti. Tabasamu likaondoka usoni mwake taratibu, upande mmoja kwanza.

"Mnanitania."

"Ningekuwa natania ningecheka."

Dada alikuwa ameshakaa chini sakafuni, katikati ya vumbi la mbao, na sketi yake nzuri. "Umekikata?"

"Nimekikunjia chini. Cha ndani nikikate cha nini?"

"Kifungue."

Fundi akachukua bisibisi na koleo, akapiga magoti, akaanza kung'oa pini za stepla moja moja. Zilikuwa zinaruka kama senene. Ngozi ikaachia pembeni, kisha mbele, kisha akaikunjua yote kwa mkupuo, na chini yake tukaona kitu cheupecheupe, kimepauka, hakina jani wala duara.

Dada akatoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu mzima. "Umekiua. Nitamwambia nini Mama?"

"Huo ni mgongo wake!" Fundi akapaza kile kisauti chake. "Uso nimeulaza chini, kwenye sponji. Cha ndani hakina uso, dada yangu, mimi ningejuaje!"

"Na kwenye sponji huwa unapaka nini?" nikauliza, nikajuta kuuliza, maana sote tulitazama lile kopo la gundi juu ya meza. Gundi ya viatu, gundi ya milango, gundi ambayo ikishika kitambaa hakitoki bila kutoka na nyuzi.

Fundi akakunja uso, anatafuta kumbukumbu. Kisha akajipiga paji la uso.

"Sikupaka! Nilifungua kopo tu, yule mama wa saluni akanijia na chanuo mkononi, anasema harufu inawatapisha wateja. Nikaogopa lile chanuo. Nikapiga pini tupu."

"Una hakika?"

Fundi alishika pembe ya kitambaa kwa vidole viwili, akainua. Kikaja. Kikaja chote, bila kung'ang'ania, kama shuka linalovuliwa kitandani, na akakigeuza: haradali, kahawia, na maduara yote mekundu mahali pake.

Dada alicheka na kulia kwa wakati mmoja, kazi ambayo inahitaji leso na hakuna aliyekuwa nayo. Fundi akampa kipande cha sponji. Mimi nikachungulia saluni nikapaza sauti, "Mama, Mungu akuzidishie ukali!" Akanijibu kwamba niende nikanyoe.

Fundi hakutuacha tuondoke. Alikivisha kiti upya pale pale, Dada akiwa amesimama nyuma ya bega lake, kila jani likiulizwa kama limesimama wima.

Jumapili Mama Mkubwa alifika mapema mno, na kikapu kitupu.

"Cha nini hicho?" nikamuuliza.

"Cha kubebea pazia langu. Sijalala tangu niwape. Nilisema nikikuta hamjalikata, naondoka nalo."

Dada akasogea pembeni. Mama Mkubwa akakiona kiti. Akakizunguka. Akapitisha kiganja mgongoni, akafuata jani moja kwa kidole mpaka ncha. Halafu akageuka, akajishusha polepole, na kiti kikampokea bila mlio. Akavua viatu.

"Kumbe linakalika," alisema, akafumba macho.

Dada akashusha pumzi iliyokuwa imemkaa kifuani tangu Ijumaa. Nikamsogelea sikioni. "Tumwambie habari za ngozi?"

"Thubutu. Nitakupeleka kwa Fundi akushonee ndani ya godoro."

"Mnanong'ona nini ninyi?"

"Tunasema umependeza, Mama."

"Najua. Leteni stuli niweke miguu."