Jina la Cliff kwenye Kila Mstari

Mfumo mzima niliuandika kwa jina la Cliff. Usinicheke. Ikama yangu, kibali cha kuishi na kufanya kazi Saudia, ilisema mimi ni dereva, na dereva hapewi neno la siri la kuingilia kompyuta za kampuni. Wakala wa Nairobi aliniambia, "Visa za mainjinia zimeisha. Ingia na ya udereva, utabadilishiwa huko huko." Nikaingia, diploma yangu ya kompyuta ndani ya begi, nikamwendesha bosi Riyadh mwaka mzima.

Cliff tulisoma naye Eldoret, na sasa tulikuwa tukilala chumba kimoja mtaa wa Shumaisi. Yeye alikuwa injinia hata kwenye ikama. Alipewa kompyuta kumi na sita zilizounganishwa kwa nyaya, akaambiwa aziandikie mfumo endeshi ili zifanye kazi moja kwa pamoja. Kazi ikamshinda. Kila kompyuta ina kumbukumbu yake na haiwezi kuchungulia ya mwenzake. Ikitaka kitu, lazima itume ujumbe. Mbili zikitumiana ujumbe mkubwa kwa wakati mmoja, kila moja inangoja nyingine ipokee kwanza, na zote zinaganda. Dawa ya Cliff ilikuwa kuzima na kuwasha.

Basi Ijumaa asubuhi, ofisi ikiwa tupu, alinifungulia na kuniachia kiti chake. Ijumaa thelathini na moja mfululizo. Niliipenda kazi ile kuliko nilivyowahi kupenda kazi yoyote. Tulikubaliana jambo moja tu: siku ya kumwonyesha mteja kule Jeddah, Cliff angemwambia bosi ni nani aliyeandika, aniombee ikama ya injinia.

Siku ilipokaribia niliwaendesha bosi na Cliff hadi Jeddah. Wao wakashukia hotelini, mimi nikalala mtaa wa Karantina kwa Paul, mlinzi mmoja wa kwetu. Asubuhi alinipigia shati pasi mwenyewe.

"Leo unakuwa injinia, buda," akaniambia.

Ofisi ya mteja ilikuwa mtaa wa Ruwais. Nilisimama mlangoni nimebeba maji ya bosi. Cliff akaziita kompyuta za Riyadh kwa mtandao, nazo zikafanya kazi bila kukwama hata mara moja. Mteja, mzee mwenye miwani, akauliza kwa Kiingereza ni nani aliyeandika.

"Ni mimi," Cliff akajibu. "Angalia, jina langu liko kwenye kila mstari."

Na kweli lilikuwepo. Niliumia sana. Mtu niliyekula naye sahani moja!

Mzee hakuridhika. "Na mbili zikitumiana ujumbe mkubwa kwa pamoja, mbona hazigandi?"

Cliff akanigeukia, akakunja uso kama anayemfokea mtumishi, akasema kwa Kiswahili, "Julius, niambie haraka, kwa nini hazigandi? Usinimalize, jo."

Wote walidhani naagizwa kitu. Ningenyamaza, angeumbuka palepale, na nilitamani sana aumbuke. Lakini mzee alishaanza kufunga daftari lake. Angekataa, bosi angefuta kila kitu, na mle ndani mlikuwa na kazi yangu yote. Sikuweza.

"Mpokeaji ndiye anaanza," nikasema. "Anatangaza ana nafasi kiasi gani. Mtumaji hatumi kitu mpaka asikie hivyo."

Cliff akatafsiri neno kwa neno. Mzee akacheka kwa furaha, akampa mkono, na bosi akambusu Cliff mashavu yote mawili.

Nilipoleta gari, Cliff alikuja mbio peke yake na kunikumbatia.

"Nimekuongelea kwa bosi, bro. Anakuongezea ikama miaka miwili."

"Ya injinia?"

"Ya dereva. Lakini sasa utaniendesha mimi, si yeye. Nimemwambia sitaki mwingine."

Akabaki ameshika mlango wa gari, akingoja nimshukuru.